Kijiji cha Choirokoitia: Mifupa ya Kale na Damu ya Leo

Choirokoitia ni kijiji kidogo cha wakulima kusini mwa kisiwa cha Kupro, kati ya miji ya Larnaca na Limassol, mahali ambapo vilima vinavyoitangulia milima ya Troodos huanza kuteremka kuelekea baharini. Wakazi wake ni mamia machache tu. Hulima mizeituni, mizabibu, machungwa na nafaka, na kwenye miteremko yenye mawe husitawi mikarobu, ile miti ya maganda ya kahawia yenye utamu kama wa asali, ambayo mavuno yake zamani yaliitwa dhahabu nyeusi ya Kupro. Wasomaji wa Biblia hukijua kisiwa hiki kwa jina la Kipro, alikotoka Barnaba; Waislamu hulijua kaburi la Bibi Umm Haram, sahaba wa Mtume, lililo kando ya ziwa la chumvi la Larnaca. Kijiji chenyewe msafiri angeweza kukipita bila hata kugeuza shingo, kama si mambo mawili. La kwanza ni vita vya mwaka 1426, ambapo majeshi ya Wamamluki wa Misri yalimteka hapo Mfalme Janus na kumpeleka Kairo. La pili ni kilima kilicho jirani, juu ya bonde la mto Maroni.

Juu ya kilima hicho waliishi wakulima wengine, katika milenia ya saba kabla ya Kristo. Porphyrios Dikaios, mwanaakiolojia wa Kupro, aliyatambua makazi yao mwaka 1934 akayafukua kwa vipindi hadi 1946. Tangu 1977 kazi iliendelezwa na ujumbe wa Wafaransa chini ya Alain Le Brun. Mwaka 1998 UNESCO iliyaingiza makazi hayo, yanayoandikwa Khirokitia, katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zilikuwa za mviringo, za mawe, udongo wa kukandwa na matofali mabichi, zenye paa bapa, zimebanana mtelemkoni na kuzungukwa na ukuta. Kikundi cha nyumba kadhaa kilizunguka ua mdogo wa pamoja, na yaelekea familia moja ndiyo iliyotumia kikundi kizima: chumba cha kupikia hapa, cha kulala pale, cha kusagia nafaka ng'ambo. Msomaji aliyekulia katika boma au mji wa ukoo hahitaji mchoro ili kuuelewa mpangilio huo.

Watu hao walipanda ngano, shayiri na dengu, wakafuga kondoo, mbuzi na nguruwe, na kuwinda kulungu ambao mababu zao waliwavusha bahari kwa vyombo. Ng'ombe hawakuwa nao. Vyungu vya udongo hawakuvijua bado; bakuli zao walizichonga kwa mawe magumu, kazi ambayo hata leo humshangaza mwenye kujua uchovu wa patasi. Wafu wao hawakuwapeleka mbali. Waliwazika chini ya sakafu ya nyumba, wamekunjwa miguu kama waliolala, mara nyingine jiwe zito la kusagia limewekwa juu ya kichwa au kifua. Baadhi ya wanawake walizikwa na mikufu ya akiki na kombe za baharini. Kisha sakafu ilisawazishwa kwa udongo mpya na maisha yakaendelea juu yake.

Kwa sababu ya desturi hiyo ya kuwazika watu nyumbani, kilima cha Khirokitia kimewaachia wataalamu wa tiba kitu ambacho ni nadra kukipata: jamii ya wakulima wa mwanzo kabisa, wazee kwa watoto, pamoja na mifupa yao.

Mifupa hiyo haielezi maisha marefu. Wanaume walikuwa na urefu wa wastani wa mita 1.61, wanawake mita 1.51. Aliyebahatika kufikia utu uzima alifariki, kwa wastani, akiwa na miaka 35 kama ni mwanamume na 33 kama ni mwanamke, tofauti ndogo ambayo mkunga yeyote anaweza kubashiri sababu yake. Mafuvu mengi yalikuwa yamebapa upande wa nyuma, si kwa ugonjwa bali kwa namna watoto walivyofungwa kwenye kibao wangali wachanga. Udongo uliokusanywa mahali palipokuwa tumbo la maiti umetoa mayai ya minyoo, ushahidi kwamba mtu alipoacha kuhamahama na kuanza kuishi karibu na kinyesi chake na cha mifugo wake, minyoo nao walipata makazi ya kudumu. Lakini kilichowashughulisha wachunguzi kuliko vyote ni watoto. Makaburi ya watoto wachanga ni mengi mno, na wengi wao walikufa wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye.

Fuvu lenye vitundu

Mifupa iliyotoka katika uchimbaji wa Dikaios ilichunguzwa na J. Lawrence Angel, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyetumia maisha yake kusoma magonjwa katika mifupa ya watu wa kale wa mashariki mwa Bahari ya Mediterania. Katika maeneo mbalimbali ya ukanda huo alikuta mafuvu ambayo mfupa wake ulikuwa umenenepa na kujaa vitundu kama sifongo. Mwaka 1966 alichapisha katika jarida la Science hoja iliyokuja kunukuliwa kwa miaka mingi: kwamba vitundu hivyo ni alama ya upungufu wa damu wa kurithi, hasa talasemia, na kwamba ulienea pale ambapo wakulima wa kwanza waliishi karibu na vinamasi vyenye mbu wa malaria.

Hoja hiyo inafaa kuelezwa taratibu, kwa kuwa wahudumu wa afya hukutana nayo wodini kila siku pasipo kuiita kwa jina lake. Chembe nyekundu za damu hutengenezwa katika uboho. Zinapokufa mapema kuliko kawaida, au zinapotengenezwa zikiwa na kasoro, mwili huuamuru uboho uongeze kazi. Uboho hupanuka. Kwa mtu mzima una nafasi ya kupanukia ndani ya mifupa; kwa mtoto mdogo, ambaye karibu mifupa yake yote tayari imejaa uboho mwekundu, hauna pa kwenda ila kuusukuma mfupa wenyewe. Fuvu hunenepa, mifupa ya mashavu hutokeza, taya la juu husogea mbele. Ndiyo sura ambayo madaktari wa watoto huitambua kwa mtoto mwenye talasemia kali asiyepata damu, na kwa kiasi fulani kwa baadhi ya watoto wenye selimundu.

Hata hivyo vitundu katika fuvu si hati ya kuzaliwa ya ugonjwa mmoja. Upungufu wa vitamini B12, upungufu wa vitamini C, minyoo, na njaa ya muda mrefu vinaweza kuacha alama zinazofanana, na wataalamu wa baada ya Angel wamekuwa waangalifu zaidi kuliko yeye. Kuhusu watoto wachanga wa Khirokitia, elimu ya damu yenyewe inatoa jibu la sehemu. Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya aina ya F, ambayo haihusiani na kasoro ya talasemia ya beta wala ya selimundu. Himoglobini hiyo humlinda hadi miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Dalili za talasemia ya beta huanza kati ya mwezi wa 6 na mwaka wa 2. Kwa hiyo mtoto aliyezikwa akiwa na umri wa siku mbili hawezi kuhesabiwa miongoni mwa waliouawa na ugonjwa huo; huyo aliuawa na uzazi mgumu, baridi, uambukizi wa kitovu, au kuzaliwa kabla ya wakati, mambo yale yale yanayojaza madaftari ya wodi za watoto wachanga hadi leo. Ni waliozikwa wakiwa wameshaanza kukaa, kutambaa au kusimama ndio wanaoweza kubishaniwa.

Ubishi huo wa mifupa huenda usimalizike upesi. Lakini kuhusu watu wanaoishi leo chini ya kilima hakuna ubishi wowote. Takriban Mkupro 1 kati ya 7 amebeba jeni ya talasemia ya beta, moja ya viwango vya juu kabisa duniani.

Mbu na bonde

Jina talasemia limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, bahari na damu, kwa kuwa mwanzoni ugonjwa ulionekana kuwa wa watu wa pwani za Mediterania tu. Swali la kwa nini jeni inayoua watoto idumu kwa maelfu ya miaka lilijibiwa mwaka 1949 na J. B. S. Haldane wa Uingereza kwa njia ya kudhani: labda mwenye jeni moja, asiyeugua, huistahimili malaria kuliko wenzake. Aliyeipa dhana hiyo miguu ya kusimamia ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Alipopima damu za watu wa Afrika Mashariki aliona kwamba jeni ya selimundu ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Viktoria, kulikojaa malaria, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1954. Leo inajulikana kwamba mtoto mwenye AS ana kinga inayokaribia asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Kilima cha Khirokitia na fukwe za Ziwa Viktoria, ambazo hazikuwahi kujuana, zililipia kinga hiyo kwa sarafu ya aina moja.

Bonde la Maroni na mabonde mengine ya Kupro yalibaki na malaria hadi katikati ya karne ya 20. Aliyeongoza vita vya kuimaliza ni Mehmet Aziz, mkaguzi mkuu wa afya kutoka jamii ya Waturuki wa Kupro, ambaye alipata kufanya kazi na Ronald Ross wakati mwanasayansi huyo alipokitembelea kisiwa mwaka 1913. Kuanzia 1946 Aziz alikigawa kisiwa katika visehemu vipatavyo 500, kila kimoja chenye ukubwa ambao mtu mmoja angeweza kuukagua wote kwa siku 12. Mtu huyo alipewa jukumu la kila maji yaliyosimama ndani ya mipaka yake: visima, mapango, vidimbwi, hata maji yaliyotuama katika nyayo za wanyama. Kila penye viluwiluwi palitiwa dawa ya DDT, kisha mkaguzi mwingine akapita nyuma kuhakiki. Kufikia 1950 malaria ilikuwa imekwisha kisiwani. Dawa ile isingekubalika leo kwa matumizi ya namna hiyo, lakini nidhamu ya kumkabidhi mtu mmoja eneo moja na kumfuatilia bado haijapitwa na wakati.

Malaria iliondoka ndani ya miaka minne. Jeni ilibaki, kwa kuwa jeni haisikii habari za DDT.

Hapo ndipo palipozuka jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwaka 1944 daktari A. L. Fawdry alikuwa ameandika katika jarida la Lancet juu ya upungufu mkali wa damu kwa watoto wa Kupro. Wakati huo watoto hao walikuwa wakifa wadogo, na vifo vyao vilichanganyika na vya malaria, kuhara na nimonia, hata ni wachache waliowatofautisha. Malaria ilipoondoka na huduma za watoto zikaimarika, wale waliokuwa wakifa kimya walianza kuonekana. Walipoanza kuongezewa damu, waliishi. Na waliposhinda mwaka mmoja walihitaji damu mwaka uliofuata, na kila mwaka walijiunga nao watoto wapya.

Hesabu si ngumu. Ikiwa mtu 1 kati ya 7 amebeba jeni, basi katika kila ndoa 49 kuna 1 inayowakutanisha wabebaji wawili. Katika ndoa hiyo kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kumpata mtoto mgonjwa. Matokeo ni takriban mtoto 1 kati ya kila 200 wanaozaliwa. Kila mmoja wao angehitaji damu kila baada ya wiki 2 hadi 5 maisha yake yote. Kila chupa ya damu huleta mwilini miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma, ilhali mwili huweza kutoa takriban miligramu 1 tu kwa siku. Madini yanayobaki hujilimbikiza katika ini, tezi na moyo. Na bila dawa ya kuyaondoa, moyo huchoka kijana akiwa katika umri wa shule ya sekondari. Dawa ya kwanza yenye nguvu, desferioksamini, ilitiwa chini ya ngozi kwa pampu ndogo kwa saa 8 hadi 12 usiku, karibu kila usiku wa juma. Familia zenye watoto wawili wagonjwa zilikuwa na pampu mbili kando ya kitanda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani liliombwa ushauri, na makadirio yaliyotolewa yalikuwa ya kutisha: watoto wakiendelea kuzaliwa kwa kiwango kile na wote kutibiwa ipasavyo, matibabu ya ugonjwa huu mmoja yangekuja kuimeza bajeti ya afya ya nchi, na damu ya kutosha isingepatikana. Serikali yenye haraka ingeweza kuchagua njia mbaya iliyo rahisi, yaani kuwapunguzia wagonjwa matibabu. Haikuchagua hivyo, na sifa ya hilo inawaendea kwanza wazazi. Walikuwa wameunda chama chao, wakakataa kusikia habari za kinga zisizoandamana na tiba. Msimamo wao ulikuwa wa busara kuliko mipango mingi ya wataalamu: watoto wapya wakipungua, damu na dawa zitawatosha waliopo.

Cheti kwa padri

Mpango uliojengwa na madaktari kama Minas Hadjiminas na Michael Angastiniotis ulianza na elimu shuleni, kambi za jeshi na vijijini, kisha upimaji, kisha ushauri. Tangu 1977 wajawazito waliokuwa hatarini walipelekwa London, ambako vipimo vya mtoto aliye tumboni vilikuwa vimeanza. Miaka michache baadaye vipimo hivyo vikafanyika kisiwani. Lakini hatua iliyoufikisha mpango katika kila kijiji, Choirokoitia ikiwemo, haikutoka hospitalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kanisa la Kiorthodoksi la Kupro lilikubali kwamba wanaotaka kufunga ndoa walete kwanza cheti cha kupimwa talasemia. Jamii ya Waturuki wa Kupro nayo, iliyotengana na Wagiriki tangu vita vya 1974, ilidai kipimo hicho hicho kabla ya ndoa. Siasa iliwagawa, damu yao ilikuwa na kasoro ile ile.

Kanisa hilo linapinga utoaji mimba, na lilijua wazi kwamba baadhi ya wanandoa wangefikia uamuzi huo. Lilipokubali cheti halikuubariki uamuzi huo. Lilikubali kwamba watu wasiingie katika ndoa gizani. Kwa sababu hiyo maneno ya cheti yalipimwa kwa uangalifu. Cheti husema kwamba wawili hawa wamepimwa na wamepewa ushauri. Hakisemi majibu yalikuwa nini. Padri hajui, mama mkwe hajui, kijiji hakijui, isipokuwa wenyewe wakiamua kusema. Wabebaji wawili wakitaka kuoana wanaoana, na ndivyo wengi sana walivyofanya: ni wachache mno waliovunja uchumba kwa sababu ya majibu. Walichopata ni kujua, na nafasi ya kuamua juu ya uzazi wao kabla na wakati wa mimba. Watoto wenye ugonjwa, waliokuwa wakizaliwa kwa makumi kila mwaka, walipungua hadi karibu kutoweka katika muda wa kizazi kimoja.

Si haki kuusimulia mpango huu kana kwamba haukuwa na upande mchungu. Ulitegemea, kwa sehemu kubwa, uamuzi wa kusitisha mimba, uamuzi ambao mwanamke aliyeufanya hausahau. Kipimo kinachodaiwa na taasisi yenye nguvu kama kanisa si kipimo cha hiari kwa maana kamili ya neno. Na kijana mwenye talasemia aliyekaa darasani akisikiliza somo la kuzuia watu kama yeye wasizaliwe alikuwa na haki ya kuuliza maswali. Jibu la kuaminika kwake halikuwa maneno bali kliniki nzuri, na hiyo ilikuwapo. Kisiwa hiki kikawa makao makuu ya Shirikisho la Kimataifa la Talasemia, lililoanzishwa mwaka 1986 na ambalo wagonjwa na wazazi wamekuwa na sauti ndani yake tangu siku ya kwanza.

Kutoka Kupro hadi kliniki zetu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, maelfu kila mwaka. Mahali ambapo mtu 1 kati ya 5 ana AS, hesabu ile ile ya Kupro hutoa mtoto 1 mwenye SS kati ya kila 100, yaani hali nzito kuliko ile iliyokishtua kisiwa. Tofauti zipo, na ni za msingi. Sheria na imani za jamii zetu kuhusu mimba si zile za Kupro. Selimundu nayo si talasemia: mtoto mwenye SS aliyetambuliwa mapema, akapewa penisilini ya kila siku hadi miaka 5, chanjo kamili, kinga ya malaria, na haidroksiyurea kwa wakati, ana matumaini makubwa ya kukua bila kutegemea damu ya kila mwezi. Kwa hiyo kilicho cha kuigwa kwanza si cheti. Ni kuwapima watoto wachanga, ili aliyezaliwa na ugonjwa asiwe kama wale waliozikwa Khirokitia bila mtu kujua walikufa kwa nini.

Ushauri kwa wanaochumbiana unahitaji lugha safi. Mwenye AS si mgonjwa, na hapaswi kuambiwa ana "selimundu kidogo". AS kwa AA hawawezi kumzaa mtoto mwenye SS. AS kwa AS wana uwezekano wa 1 kati ya 4 katika kila mimba. Na neno "kila" ndilo linalosahaulika, hata wazazi wakadhani kwamba wakishampata mtoto mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamesalimika. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyotangulia. Pia jeni hutoka kwa wazazi wote wawili. Mwanamke anayelaumiwa ukweni kwa kuleta "damu mbaya" anastahili mhudumu atakayemwita mume na kumpima naye, na ikiwezekana kumwita mama mkwe pia asikie mwenyewe.

Talasemia yenyewe haiko mbali kama inavyodhaniwa. Ile ya alfa, ambayo kwa umbo lake la kawaida Afrika ni nyepesi, imeenea sana katika pwani ya Kenya na Tanzania. Ile ya beta hupatikana katika familia zenye asili ya India na Uarabuni, Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Biashara ya majahazi haikubeba karafuu na nguo peke yake: nchini Oman imekutwa selimundu yenye alama za jeni za Wabantu, sambamba na ile ya asili ya Uarabuni na India. Mtu anaweza kurithi S kwa mzazi mmoja na talasemia ya beta kwa mwingine, akaugua kama mwenye SS ilhali mzazi mmoja alipopimwa kwa kipimo cha haraka cha selimundu alionekana hana kitu. Familia ya namna hiyo isihukumiwe kwa tetesi za nje ya ndoa. Ipelekwe kwenye kipimo kamili cha aina za himoglobini.

Kuna kosa jingine la kila siku. Mgonjwa anakuja na himoglobini iliyoshuka kidogo, chembe nyekundu ni ndogo kuliko kawaida, anapewa vidonge vya madini ya chuma. Baada ya miezi mitatu hali ni ile ile, anaongezewa vidonge. Chembe ndogo huweza kutokana na upungufu wa chuma, naam, na katika nchi zetu hiyo ndiyo sababu ya kufikiriwa kwanza, pamoja na minyoo na hedhi nyingi. Lakini kama hesabu ya chembe nyekundu ni ya juu ingawa ni ndogo, na dawa imemezwa ipasavyo bila mabadiliko, mhudumu asimamishe vidonge na afikirie talasemia. Chuma kisichohitajika si vitamini ya ziada. Wazazi wa Kupro waliokesha kando ya pampu walijua kinaishia wapi.

Katika kliniki za Kupro, watoto waliowahi kulazwa na pampu hizo sasa ni watu wa makamo, na wengi wao huondoa madini kwa vidonge vya kumeza. Maswali yao kwa daktari yamebadilika: kisukari, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, mifupa inayopoteza unene kabla ya uzee na ambayo hupimwa kila baada ya muda kwa mashine. Baadhi yao ni wazazi. Kila mtoto wao ni mbebaji, kwa sababu mgonjwa hana jeni nyingine ya kumrithisha, na kila mmoja wa wenzi wao alipimwa kabla ya harusi.